KIJANA ALIYEFUATA KINANDA KWA MIGUU

Na mwanachama wa Kidato cha Nne

Mwaka huu mhariri wa jarida la chama chetu aliniagiza niandike maisha ya mtu mashuhuri aliyefariki zamani. Najua wengi mlitarajia mwanasiasa au jemadari wa vita. Mimi nimemchagua mpiga kinanda. Jina lake Johann Sebastian Bach, Mjerumani, na nyinyi wa kwaya bila shaka mmelisikia kwa mwalimu wetu wa muziki. Kwa nini yeye? Sababu ninayo, ila kabla sijaanza sina budi kuungama.

Mnakumbuka mwaka jana kwaya yetu ilipoangushwa katika mashindano ya kaunti kwa pointi mbili tu? Basi la shule halikwenda popote tena. Mimi nilikuwa nimeota mwaka mzima kuzisikia zile kwaya kubwa za kitaifa kwa masikio yangu mwenyewe. Basi siku zilipowadia nilimwendea mwalimu wa zamu, nikamwambia kwamba nyanya yangu yu mahututi. Nikapewa ruhusa ya siku moja. Nikapanda matatu peke yangu, nikaenda kwenye mashindano, nikakaa huko siku tatu nikilala kwa binamu yangu. Nilirudi na nini? Ratiba iliyokunjika mfukoni, koo lililokauka kwa kushangilia na hadithi za kuringia bwenini. Basi! Nyanya, ambaye alikuwa mzima kama kigongo, aliitwa shuleni pamoja na baba. Alipoingia ofisini kwa miguu yake, na leso yake mpya, nilitamani ardhi inimeze. Wahenga hawakukosea waliponena kwamba njia ya mwongo ni fupi.

Adhabu yangu mojawapo ilikuwa kusafisha maktaba majuma mawili. Siku ya tatu, nikipangusa vumbi kwenye rafu ya nyuma, nilikikuta kitabu cha maisha ya Bach. Nilikifungua kwa sababu ya picha tu, yule mzee mnene mwenye nywele za bandia. Lakini ukurasa niliouangukia ulieleza kwamba alipokuwa na miaka 20 aliomba ruhusa ya majuma manne kwenda kusikiliza muziki katika mji wa mbali, naye akakaa huko mara nne ya muda aliopewa. Lo! Nikakaa sakafuni na tambara langu mkononi. Nilijua nimempata ndugu yangu. Kumbe nilikuwa nimekosea, lakini tusiikimbilie tamati ya hadithi.

Bach alizaliwa mwezi wa Machi 1685 katika mji wa Eisenach. Alikuwa kitinda mimba katika watoto wanane. Baba yake aliajiriwa na mji kupiga muziki, na ukoo mzima ulikuwa wa wanamuziki, kama vile kwetu kuna koo za wahunzi. Lakini furaha haikudumu. Mama yake alifariki 1694, na hata mwaka haujaisha baba naye akafuata. Mtoto wa miaka tisa akawa yatima. Alichukuliwa na kaka yake mkubwa, Johann Christoph, aliyekuwa mpiga kinanda katika mji mdogo wa Ohrdruf.

Kuna kisa kinachosimuliwa kuhusu maisha yake huko. Kaka mtu alikuwa na kitabu cha nyimbo za mabingwa wa zama hizo, amekifungia katika kabati la vyuma vyembamba, na mdogo wake hakuruhusiwa kukigusa. Mvulana akawa anapenyeza mkono usiku, anakivingirisha kitabu na kukitoa, kisha anakinakili kwa mwanga wa mbalamwezi kwa kuwa mshumaa hakuwa nao. Kazi hiyo ilimchukua miezi sita. Alipomaliza, kaka yake akagundua na kumnyang'anya nakala ile. Jamani! Miezi sita ya usiku, yote ikaenda na maji. Angalieni hapa, maana ndipo tabia yake inapoanza kuonekana: hata alipokosa, alikuwa akifanya kazi.

Mwaka 1700, kabla hajatimiza miaka 15, nyumba ya kaka ilikuwa imejaa watoto, na riziki ilikuwa finyu. Yeye na mwanafunzi mwenzake, Georg Erdmann, wakasafiri kwenda kaskazini hadi Lüneburg, zaidi ya kilomita 300. Huko palikuwa na shule iliyowapokea wavulana maskini wenye sauti nzuri bila karo, mradi waimbe kanisani. Nyinyi mnaolalamika kubeba sanduku kutoka stendi hadi langoni, mnasikia?

Sasa ndipo ushabiki ulipomshika hasa. Mji wa Hamburg haukuwa mbali sana, kama kilomita 50 hivi, na huko aliishi mpiga kinanda mashuhuri aliyeitwa Reincken. Bach alikuwa akienda kumsikiliza, si mara moja wala mbili. Tena mtawala wa Celle alikuwa na bendi yake, wachezaji wengi wakiwa Wafaransa, na Bach aliisikia hiyo pia, akajifunza mtindo wa Kifaransa ambao wakati huo ulikuwa mgeni katika sehemu zile. Inasimuliwa kwamba siku moja akirudi kutoka Hamburg, mfuko mtupu na njaa ikimsokota, alikaa nje ya hoteli moja akinusa mapishi. Dirisha likafunguliwa, vichwa viwili vya samaki vikatupwa nje. Alipoviokota na kuvipasua, ndani ya kila kichwa alikuta sarafu ya dhahabu. Mimi na wewe tungezitumia pesa zile kwendea nyumbani. Yeye alishiba, akageuza njia, akarudi Hamburg kumsikiliza tena Reincken!

Pengine mtauliza, kwani hicho kinanda kina nini hata mtu ateseke hivyo? Msidhani ni kile cha umeme tunachotumia katika ibada ya Jumapili. Kinanda cha makanisa yale makubwa ni kama nyumba nzima. Kina mabomba kwa mamia na maelfu, mengine madogo kama kalamu, mengine marefu kuliko jengo la ghorofa. Enzi hizo watu walisimama nyuma wakikanyaga mivukuto ili kusukuma upepo, na mpigaji alitumia vidole vyote na miguu yake yote miwili kwa pamoja. Tena kila kinanda kilikuwa na sauti zake. Hapakuwa na redio, kaseti wala simu. Muziki uliopigwa Hamburg ulisikika Hamburg tu, kisha ukapotea hewani. Aliyetaka kuusikia sharti aende. Mtaka cha mvunguni huinama.

Mwaka 1703, akiwa na miaka 18, Bach alipata kazi ya kupiga kinanda kipya katika kanisa la mji wa Arnstadt. Mshahara wake ulikuwa mzuri kwa kijana wa umri ule. Lakini kijana alikuwa na kichwa kigumu, siwezi kuwaficha. Alitakiwa kufanya kazi na wanafunzi wa mji waliokuwa wakiimba na kupiga ala, naye aliwadharau. Alimkashifu mmoja wao, mpiga zumari kubwa aliyekuwa na umri kumzidi, na usiku mmoja wa Agosti 1705 huyo kijana akamvizia na bakora uwanjani. Bach akachomoa silaha yake, na kama wenzao wasingeingilia kati, huenda damu ingemwagika. Baraza la kanisa liliposikiliza kesi, lilimkumbusha kwamba binadamu hana budi kuishi na watu wenye upungufu. Nadhani hata yeye aliona kwamba Arnstadt pamekuwa padogo kwake.

Miezi miwili baadaye, Oktoba 1705, akaomba ruhusa ya majuma manne. Alitaka kwenda Lübeck, mji huru wa wafanyabiashara karibu na bahari ya Baltiki, kumsikiliza mzee Dieterich Buxtehude. Lübeck si jirani ya Arnstadt hata kidogo. Ni mwendo wa kilomita zaidi ya 400. Hebu chukua ramani yetu: ni kama utoke Mombasa kwa miguu, upite Voi, upite Mtito Andei, upite Emali, na bado unatembea. Wakati huo Ujerumani haikuwa nchi moja. Ilikuwa vipande vingi, kila kipande na mtawala wake, sheria zake na pesa zake, hivi kwamba kijana wa Arnstadt akifika Lübeck alikuwa mgeni ugenini. Safari hii hakuwa na Georg wa kupiga naye soga njiani. Majira ya baridi yalikuwa yanaingia, na mbele yake kulikuwa na mvua, matope na siku zinazozidi kuwa fupi, maana kule kaskazini mwezi wa Desemba jua huzama mapema, wakati sisi huku tukiwa bado uwanjani tunacheza mpira.

Alikuta nini Lübeck? Alimkuta mzee wa miaka karibu 70 aliyekuwa amefanya jambo lisilopatikana kwingine. Kila mwaka, katika Jumapili tano kabla ya Krismasi, Buxtehude aliandaa tamasha za muziki wa jioni katika kanisa la Mtakatifu Maria. Wafanyabiashara wa mji walichangia gharama, na milango ilikuwa wazi kwa yeyote. Tajiri na mchukuzi walisikiliza pamoja. Na mwaka ule, Mungu akipanga hupanga, ulikuwa na jambo la pekee. Kaizari Leopold alikuwa amefariki na mwanawe Joseph kushika kiti, kwa hiyo tarehe 2 na 3 Desemba 1705 palifanyika tamasha mbili kubwa ajabu, moja ya maombolezo na nyingine ya shangwe. Palikuwa na kwaya, tarumbeta, ngoma na fidla 25 zikipigwa kwa pamoja. Fidla 25! Kijana aliyekuwa akigombana na wanafunzi wachache wa Arnstadt walioshindwa kufuata mdundo.

Majuma yale manne yalikwisha hata kabla ya tamasha hizo. Hapo ndipo palipo na fumbo la maisha. Angerudi kwa wakati, angelinda kazi yake na jina lake, ila asingelisikia kilele cha jambo alilotembelea kilomita 400. Akabaki. Desemba ikaisha, Januari ikaingia, Bach yuko Lübeck.

Palikuwa pia na mtego. Buxtehude alikuwa akitafuta mrithi, na atakayekipata kile kiti alitarajiwa amwoe binti yake, Anna Margareta. Miaka miwili nyuma vijana wengine wawili walikuwa wamefika kwa ajili ya kiti hicho, Handel na Mattheson. Waliposikia sharti hilo walipanda gari lao la farasi na kurudi Hamburg. Bach naye hakukichukua. Buxtehude alifariki 1707, kiti na binti vikamwendea mwanamuziki mwingine. Mwaka huohuo Bach alimwoa Maria Barbara, binti wa ukoo wao.

Tumrudishe sasa Arnstadt. Alifika mwanzoni mwa Februari 1706, na tarehe 21 ya mwezi huo aliitwa mbele ya baraza. Aulizwe nini? Lile lile nililoulizwa mimi: ulikuwa wapi? Nilipofika hapa katika kitabu moyo ulinidunda, nikidhani atatafuta nyanya wa kumsingizia. Wapi! Alieleza kinagaubaga kwamba alikuwa Lübeck kujifunza mambo ya sanaa yake. Alisema pia kwamba alimwacha mtu wa kushika nafasi yake na alitarajia kazi isiharibike. Na kweli alikuwa amemwacha binamu yake, Johann Ernst. Hakukana, hakulia, hakuugua ghafla.

Baraza halikuridhika, na kwa haki yao. Tena lilikuwa na shtaka la pili ambalo mimi nalipenda zaidi. Tangu arudi, walisema, amekuwa akichanganya sauti ngeni na mapambo mengi ndani ya nyimbo za ibada hata waumini wanapotea wasijue waimbe wapi. Mnaona? Wale wazee walidhani wanamshtaki, kumbe walikuwa wanatoa ushahidi. Lübeck ilikuwa imeingia vidoleni mwake. Hakurudi na hadithi za kuringia bali alirudi na kazi, na kazi yenyewe ilikuwa ikitoka kwenye mabomba kila Jumapili, watake wasitake.

Msinielewe vibaya, ndugu wasomaji. Sisemi kwamba kuchelewa ni kuzuri. Uhusiano wake na Arnstadt haukupona, na mwaka 1707 alihamia Mühlhausen. Lakini angalieni alivyoitumia ile miezi. Mnamo Februari 1708 alitunga huko Mühlhausen kazi kubwa ya kusherehekea baraza jipya la mji, yenye tarumbeta, ngoma na makundi ya waimbaji, nayo ikachapishwa. Ukiisoma habari yake unaiona Lübeck waziwazi.

Mengine nitayapitia haraka maana nafasi ni ndogo. Alifanya kazi Weimar, na alipong'ang'ania kuondoka mwaka 1717 mtawala wake alimtia kizuizini karibu mwezi mzima. Akaenda Köthen. Mwaka 1719 alisikia kwamba Handel, aliyekwisha kuwa maarufu Uingereza, yuko Halle. Akafunga safari kumwona, akafika na kukuta ameondoka siku hiyohiyo. Hawakuonana maishani. Mwaka 1720 alirudi kutoka safari na mtawala wake akakuta mkewe Maria Barbara amefariki na kuzikwa. Msafiri kweli hajui yaliyo nyuma yake. Mwaka huohuo alikwenda Hamburg akapiga kinanda mbele ya Reincken, yuleyule wa enzi za vichwa vya samaki, ambaye sasa alikuwa mzee kabisa. Mzee alikiri kwamba alidhani sanaa ile imekufa, kumbe inaishi ndani ya huyu. Nadhani hiyo ilikuwa nauli yake yote, imelipwa na faida juu.

Kuanzia 1723 hadi kifo chake alikuwa Leipzig, akifundisha wavulana wa shule na kutunga muziki wa makanisa ya mji. Alimwoa Anna Magdalena, na kwa wake wawili alipata watoto 20, ingawa nusu yao walifariki wakiwa wadogo. Na sasa mambo yakageuka: vijana walitoka mbali kumfuata yeye, wakalala kwake, wakanakili nyimbo zake mezani pake. Hakuwafungia kabati. Macho yake yalififia, akapasuliwa mara mbili na daktari wa Kiingereza, asipone. Alifariki tarehe 28 Julai 1750 akiwa na miaka 65.

Huyu mtu hakuwahi kuvuka bahari maishani mwake. Lakini mwaka 1977 Marekani ilipotuma vyombo viwili vya Voyager angani, iliweka juu yake sahani iliyopakwa dhahabu yenye muziki wa dunia, na vipande vitatu ni vya Bach. Vinaendelea kwenda, mbali kupita sayari zote. Mwenda kwa miguu amefika wapi!

Sasa nikirudi kwangu. Nilisema nilidhani nimempata ndugu, nikakosea. Tuliondoka sote wawili kwa sababu ya mapenzi ya muziki, na sote tulipitiliza siku. Lakini yeye aliomba ruhusa kwa jina la kile alichokwenda kufanya, mimi niliomba kwa jina la ugonjwa wa nyanya. Yeye aliacha mtu wa kushika kazi, mimi sauti ya tatu ilikosa mwimbaji Jumapili ile. Yeye alirudi na kitu cha kuwapa hata wasiokitaka, mimi nilirudi na ratiba iliyokunjika. Safari si kosa, wenzangu. Mikono mitupu ndiyo kosa.

Nyanya nimemwomba radhi, naye amenisamehe, ingawa hadi leo nikipiga simu huniuliza kama leo amekufa au anaumwa tu. Kwaya nayo nimeilipa kidogo: nyimbo mbili nilizozisikia kule nimezikumbuka sauti baada ya sauti, nimeziandika kwa do-re-mi, na tumeanza kuzifanyia mazoezi kila Alhamisi.

Na kwenu walimu wetu, nina ombi moja, nalitoa kwa heshima na taadhima. Mwaka huu hata tukishindwa, tupelekeni wachache tukasikilize wale walioshinda. Wanne tu watatosha. Hatutasingizia mtu ugonjwa. Tutawaachia wenzetu nafasi zetu zikiwa na watu. Tutarudi siku mliyotupangia, na Jumapili inayofuata mtasikia wenyewe tulikuwa wapi.

Wasalaam.